Kutoka wodini na kutoka Dar ni mambo mawili

Mgonjwa wa Mbeya aliyepasuliwa moyo Dar es Salaam huulizwa swali lile lile kila simu inapopigwa: unarudi lini? Kwa kawaida hulala ICU siku moja au mbili, kisha wodini, na mambo yakienda vizuri hupewa ruhusa baada ya wiki moja hivi. Nyumbani wengi hushtuka. Kifua kimefunguliwa, halafu wiki tu?

Madaktari wana hoja nzito. Kukaa sana kitandani hukaribisha nimonia, damu kuganda miguuni na vijidudu sugu vya hospitali. Kufikia wiki hiyo moja, hatari za mwanzo, kama kuvuja damu na mapigo ya moyo kuvurugika (hili huwapata wengi, hasa siku ya 2 hadi ya 4), mara nyingi zimeshajionyesha.

Lakini hesabu hiyo inamfaa zaidi anayerudi Kimara, hapo hapo Dar, kuliko anayerudi Uyole, Mbeya. Barabara ni zaidi ya kilomita 800, na kona za Kitonga zimo humo; kutwa nzima umekaa, miguu inavimba. Mfupa wa kidari huchukua wiki 6 hadi 12 kuunga. Usaha kwenye mshono nao mara nyingi hujitokeza mtu akiwa ameshatoka hospitali. Na akifika Mbeya Julai, kwa baridi ile, kila kikohozi ni mateso.

Anayenitia wasiwasi zaidi ni aliyewekewa valvu bandia, ile ya chuma kama wanavyoiita. Atameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote, na wiki za mwanzo damu hupimwa INR (kipimo cha muda damu inaochukua kuganda) mara kwa mara hadi dozi itulie. Ikiwa ndogo, damu huganda kwenye valvu, ikizidi, anavuja. Mboga za majani, ambazo huku hazikosekani mezani, hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Hakatazwi kuzila, ila asishindie mboga leo, kesho asiziguse.

Kwangu mimi, atoke wodini mapema ila abaki Dar hadi kliniki ya kwanza. Ni rahisi kusema ukiwa na shangazi Tabata. Asiye na ndugu atalipia gesti, yeye na anayemuuguza, huku viazi vikioza shambani. Huyo, daktari akiridhia, huenda ndege ya Songwe, uwanja wa Mbeya, ikamtoka nafuu kuliko wiki mbili za gesti. Hata hivyo, kabla hajaondoka, ndugu waulize wazi: Mbeya INR atapimiwa wapi, na majibu yakitoka, nani atabadilisha dozi?