Makabidhiano ya Asubuhi Moja

Shule niliikabidhi kabla ya chai ya saa nne. Funguo za stoo, muhuri, vitabu vya hesabu, orodha ya mali hadi idadi ya sufuria. Nikatia sahihi, mkuu mpya akatia, tukapigwa picha. Nilikuwa nimetimiza miaka 60. Umri wa mwalimu wa umma kustaafu hapa Kenya ulikuwa 55 hadi 2009, kwa hiyo mitano ile niliipata kama nyongeza. Kustaafu kwenyewe sikulalamikii.

Ninalolalamikia ni maswali ambayo hakuna aliyeniuliza.

Huku kwetu Kimilili, magharibi mwa nchi, mahindi hupandwa Machi mvua ikianza, na huvunwa kuelekea mwisho wa mwaka. Kwa hiyo Januari mzazi ana magunia, lakini Mei, muhula wa pili unapofunguliwa, ghala limebaki la panya. Mwenye miwa naye husubiri mwaka na nusu ikomae, kisha asubiri kiwanda kimlipe, na hiyo ni hadithi ya siku nyingine. Ndiyo maana tulikuwa tunapokea karo kwa magunia Januari. Bursa, yaani mhasibu wa shule, anapima, anakata kwenye karo ya mwaka mzima, na wanafunzi wanayala kwenye githeri, mahindi na maharagwe. Ni nyumba zipi zilikuwa na mpango huo? Nilizijua kwa kichwa. Nilijua anayeleta maharagwe, anayeleta kuni, na mama anayeona haya kuingia ofisini mpaka utume mtu amfuate. Kwenye ripoti ya makabidhiano haya yote yalikuwa mstari mmoja: malimbikizo ya karo, na tarakimu mbele yake.

Mei iliyofuata niliwaona wanafunzi barabarani saa tatu asubuhi, begi mgongoni, wamerudishwa makwao kwa karo.

Nikisema hivi naambiwa nimeshindwa kuachia kiti. Huenda. Tangu 2016 wakuu wa shule ndio huchukua karatasi za mtihani wa kidato cha nne kutoka kwenye kontena la kuhifadhia mitihani asubuhi, na Novemba ikifika bado naamka saa kumi alfajiri. Mwili haujapokea barua ya kustaafu. Na mji haujanitupa. Matanga yakitokea, kipaza sauti ni changu. Harambee, mimi mwenyekiti. Lakini ukinialika kila mahali ila pale nilipofanya kazi, umenigeuza pambo.

Mimi ningetaka makabidhiano yachukue muhula mzima, anayeondoka na anayeingia wakizunguka pamoja kwa wazazi, kwa chifu, kwa wauza kuni. Ni mishahara miwili kwa kazi moja, sikatai. Ila mtoto akiacha shule hiyo nayo ni gharama, sema tu haiandikwi kwenye kitabu cha bursa.

Habari za magunia sikuzaliwa nazo. Mwaka wangu wa kwanza wa ukuu nilisoma jina la kijana mmoja gwarideni mara tatu, arudi nyumbani kwa sababu ya karo. Mara ya tatu hakurudi. Leo ana boda boda pale stendi, na akiniona huwasha pikipiki kabla sijainua mkono. Juzi alinifikisha langoni nikamnyooshea noti ya hamsini.

"Wacha tu, Mwalimu."

Niliibandika kwenye kiti cha pikipiki nikaingia ndani haraka. Asubuhi nikaikuta langoni, imekunjwa vizuri chini ya jiwe.