Akikataa shule, tumfundishie nyumbani?

Mtoro tunamjua. Huaga asubuhi akiwa na mkoba mgongoni, mchana akaonekana sokoni au mtoni, na mzazi ndiye wa mwisho kupata habari. Mtoto ninayemzungumzia hapa ni mwingine. Huyu haendi kokote. Jumapili jioni anaanza kunyamaza. Jumatatu alfajiri tumbo linamuuma kwelikweli, anatapika, anatetemeka, analia mpaka gari la shule lipite. Ikifika saa nne ametulia, anacheza na wadogo zake. Shule zikifungwa, maumivu yanaisha. Daktari haoni ugonjwa, majirani wanaona deko, baba anatafuta fimbo. Katika hali hiyo, mzazi akisikia kwamba zipo familia nchini Kenya zinazosomesha watoto wao nyumbani, si ajabu akaona amepata jibu.

Na jibu hilo lina uzito wake. Viboko shuleni vilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, ikarudia katazo hilo na kuongeza lile la kumtesa mwanafunzi kisaikolojia. Hata hivyo, wazazi wengi wanajua kwamba katazo halijafika katika kila darasa. Mtoto anayechapwa kwa kukosa hesabu, anayechekwa kwa kigugumizi chake, au anayenyang'anywa chakula na wakubwa wake, anapokataa kurudi anatupa habari tunazopaswa kuzisikiliza. Vivyo hivyo mtoto mwenye usonji aliyewekwa katika darasa lililofurika, ambaye kelele peke yake zinamchosha kabla ya somo la kwanza kwisha. Kumrudisha kwa nguvu mahali panapomuumiza, kisha tukaita hilo malezi, ni kumfundisha kwamba akisema anaumia hakuna atakayemwamini.

Lakini si kila anayekataa anakimbia mateso. Mwanasaikolojia Christopher Kearney wa Chuo Kikuu cha Nevada, Las Vegas, ambaye ameichunguza hali hii kwa miongo kadhaa, anataja mambo manne yanayoiendesha. Wapo wanaokwepa kitu shuleni kinachowatia hofu au huzuni. Wapo wanaokwepa kutazamwa na kupimwa: mtihani, kusoma mbele ya wenzao, uwanja wa michezo. Wapo wanaotaka kuwa karibu na mzazi. Na wapo wanaofuata raha iliyo nje ya shule, kama simu na televisheni.

Mgawanyo huu una maana kubwa kwa mzazi anayetaka kumtoa mtoto shuleni. Mtoto aliyefiwa na baba, au ambaye mama yake aliwahi kwenda kufanya kazi Saudia akarudi, anaweza kuogopa kwamba siku moja atatoka shuleni akute nyumba tupu. Ukimfundishia nyumbani umempa alichoomba, ila hofu yenyewe hujaigusa. Anayeogopa macho ya wenzake naye atapata nafuu siku ya kwanza, na nafuu hiyo ndiyo mtego. Kila wiki anayokaa nje, masomo yanampita, marafiki wanapata marafiki wengine, na maswali ya "ulikuwa wapi?" yanaongezeka. Muhula uliokusudiwa kuwa wa kupumzika unageuka mwaka.

Kisha ipo sheria, na upo mtihani. Ibara ya 53 ya Katiba inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Wanaosomesha nyumbani husema Katiba imelazimisha elimu, haikutaja jengo. Hoja hiyo si nyepesi. Ila Sheria ya 2013 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto katika taasisi ya elimu, na anayekaidi bila sababu ya msingi anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa hadi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Kwangu mimi kikwazo kikubwa zaidi ni mtihani. Enzi za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa mara ya mwisho 2023, nafasi ya sekondari iliamuliwa na mtihani mmoja wa mwisho. Katika mtaala mpya wa umilisi, unaopima stadi za mtoto hatua kwa hatua, mambo yamebadilika: KJSEA, mtihani wa gredi ya tisa, inabeba asilimia 60 ya alama za kuingia sekondari ya juu, KPSEA, mtihani wa gredi ya sita, asilimia 20, na tathmini za shuleni za gredi ya saba na ya nane asilimia 20 zilizobaki. Aliyekaa nyumbani miaka hiyo miwili atazitoa wapi alama za tathmini? Ndiyo maana familia nyingi zinazosomesha nyumbani hutumia mitaala ya kigeni, kama ule wa Cambridge au ile ya Kikristo kutoka Marekani. Ada zake si za kila mtu, na njia ya kurudi katika mfumo wa taifa inakuwa nyembamba. Na gredi ya saba ni umri wa miaka kumi na miwili hivi, wakati wa kuvuka kutoka shule ya msingi kwenda sekondari ya chini, ambapo watoto wengi huanza kulemewa na shule. Uamuzi unaochukuliwa kwa sababu ya machozi ya muhula mmoja unaweza kumfungia mtoto njia ambayo hajaifikia.

Tusisahau pia ni nani atakayefundisha. Mara nyingi ni mama. Mwenye kibanda katika soko la Gikomba, Nairobi, akifunga biashara ili akae na mtoto, chakula cha jioni kinatoka wapi? Shule zilipofungwa Machi 2020, na wanafunzi wengi wasirudi hadi Januari 2021, tuliona wazi kwamba nyumba zina uwezo tofauti sana wa kuwa darasa.

Japani wamelikabili jambo hili kwa namna inayonivutia. Huko mwanafunzi anayekosa shule siku 30 au zaidi kwa mwaka, bila kuwa mgonjwa wala fukara, anahesabiwa katika kundi lake mahususi. Katika mwaka wa masomo 2023 kundi hilo lilizidi watoto 340,000 wa msingi na sekondari ya chini. Sheria ya 2016 ilitambua kwamba mtoto wa aina hii huhitaji kupumzika na kujifunzia mahali pengine. Jina lake hubaki katika rejista ya shule, na mwalimu mkuu anaweza kuhesabu masomo ya nje kuwa mahudhurio.

Msimamo wangu ni huo. Kama ni mwalimu anayepiga, kwanza ashtakiwe, na mtoto ahamishwe shule. Kumficha nyumbani kunamwachia mwalimu huyo wengine wa kuwapiga. Kama ni usonji na hakuna shule inayomweza karibu, mzazi anayejitwika kazi ya kumfundisha anastahili msaada, si chifu mlangoni. Kama ni hofu, mtoto abaki nyumbani kwa muda uliopangwa pamoja na shule: mwalimu mmoja amtumie kazi, mshauri nasaha amtembelee, arudi kwa somo moja analolipenda, kisha mawili. Na Wizara ya Elimu pamoja na KNEC, baraza la mitihani la taifa, waweke utaratibu wa kumfanyia mtoto huyo tathmini zake za gredi ya saba na ya nane akiwa bado hajaweza kuketi darasani, ili mama yake asilazimike kuchagua kati ya alama za mwanawe na usingizi wake.