Nilikuwa Nang'arisha, Sikuwa Nakata Skrepa

Sawa, nimeona. Ile video imeshafika mpaka kwenye grupu la ukoo, na shangazi yangu wa Kyela kanitumia vikatuni vya kucheka bila hata salamu. Aliyerekodi ni rafiki yangu mchomelea mageti, kapanda tofali upande wa pili wa ukuta, halafu akaandika kwenye status kwamba nilikuwa nakata gari niuze skrepa. Uongo mtupu. Nilikuwa nang'arisha rangi. Matokeo yanafanana, hilo sibishi, ila nia ni tofauti na siku ya mwisho tutaulizwa nia.

Gari mnalijua. Ile IST ya buluu mliyosema imepauka kama sare ya shule ya mtoto wa tatu kurithi. Si uzembe wangu. Hapa Mbeya watu tunahangaika na baridi mpaka tunasahau jua, wakati mji uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na jua linakuunguza ukiwa umevaa sweta. Linaanza na boneti na paa, maana ndivyo vinavyolala chali kutwa nzima vikilitazama.

Jumamosi ni send-off ya mdogo wangu wa kike, na gari langu ndilo lilipangwa kumbeba. Kamati ikakaa, ikalitazama gari, ikanitazama na mimi, kisha mweka hazina akauliza kwa upole kama kuna mjumbe anayefahamiana na mtu mwenye Harrier. Nikasimama. Nikasema hilo gari niachieni mimi.

Fundi rangi wa Mwanjelwa alitaka elfu hamsini kulipiga polishi. Ya nini, na mimi nina bando? Nikatazama video, Mzungu mmoja anapitisha mashine kwenye mlango huku anatabasamu, hata jasho hana. Nikanunua kopo la kompaundi, ile dawa ya kusugulia rangi, na kile kikofia cha manyoya cha kung'arishia. Mashine ya polishi sikuwa nayo, lakini nikagundua kikofia kinafunga kwenye grinda bila tatizo lolote.

(Mafundi, najua mmeshafumba macho. Endeleeni kuyafumba.)

Kwa wasioelewa: mashine ya polishi huzunguka mara 1,000 mpaka 3,000 hivi kwa dakika, na fundi makini huanza chini kabisa. Grinda ndogo ni kama 11,000. Ile imeumbwa kwa ajili ya chuma cha geti, haijui habari ya rangi.

Rafiki yangu akaniazima yake, na sharti moja: swichi imeng'ang'ania, ukishaiwasha haizimiki mpaka uchomoe plagi. Hakuna shida. Mke wangu akakaa dirishani na ekstensheni, nikisema zima, anachomoa. Mpango wa kihandisi kabisa.

Na mwanzo ulikuwa mzuri, nipeni haki yangu. Nilikuwa naigusisha kwa mbali, ule ukungu unaondoka, buluu ya kiwandani inachungulia. Niliona meno yangu kwenye boneti! Nikawa nataka kumwita mke wangu aje naye aone yake, ndipo geti likalia.

Baba.

Koti la suti la kahawia, lile la kanisani. Pama kichwani. Mkungu wa ndizi begani. Kashuka na Coaster ya asubuhi kutoka Tukuyu bila kupiga simu, kwa sababu kwa imani yake mtu hapigi simu kwenda kwa mwanawe.

Watu wa Rungwe na Kyela mmeshajua kilichofuata. Wengine niwasaidie: kwetu Wanyakyusa, kwa wanaoishika mila, mke haonani na baba mkwe. Hamtazami, hakai alipokaa, akimwona anakuja anampisha mbio. Mke wangu ana shahada, ofisini kuna watu wanamwogopa. Nilichoona ni pindo la kanga tu, halafu dirisha tupu. Ekstensheni imebaki peke yake.

Na mimi nina grinda inayozunguka mkononi.

Sasa, baba huwezi kumwamkia umeinama. Nikanyanyuka, na mashine ikanyanyuka nami. Kikofia kimeloa kompaundi, kimekosa pa kusugua, kikaanza kutema. Niliuona ule mstari mweupe, mwembamba, ukianzia ukutani, ukapita kwenye shuka zilizoanikwa, ukafika begani kwa baba, ukashuka mshazari mpaka mfuko wa kalamu.

"Shikamoo baba!"

"Marahaba," akajibu baba, maana marahaba hutoka yenyewe.

Haraka nikairudisha mashine kwenye boneti isiendelee kumtemea mzazi. Kwa baba kukatulia, kwa gari kukaanza. Harufu ya plastiki inayoungua. Manyoya yakaanza kugeuka buluu. Sasa hivi, baada ya kufundishwa kwa bei ghali, najua kwamba kwenye gari lenye klia, ule utando usio na rangi unaopakwa juu ya rangi, ukiona kitambaa kinatoka na rangi ya gari ujue klia imekwisha, unakula rangi yenyewe. Klia yote ni kama mikroni 50, nyembamba kuliko unywele. Ila muda ule niliamini ni uchafu wa miaka unatoka. Nikakandamiza.

Moshi ukaniambia si uchafu. Nikainua: pama ya baba. Nikashusha: boneti. Nikainua: miwani ya baba. Nikashusha. Mtoto wa kwanza wa kiume amelelewa ajue cha kuchagua kati ya baba na mali, na mimi nilichagua vizuri, oneni video, kila mara narudi kwenye boneti. Buluu ikawa kijivu. Praima hiyo, ile rangi ya chini kabisa.

"ZIMA!"

"Nizime nini?" baba akauliza, akiutua mkungu chini taratibu.

"Si wewe baba!"

"Unasema na nani?"

Swali zuri, kwa sababu uani tulikuwa wawili. Ndipo dirishani nikaona kitu kinakuja kinyumenyume. Mke wangu, kitenge kichwani mpaka kiunoni, mgongo kwa mkwe kama adabu inavyotaka, mkono mmoja unapapasa ukuta. Akaifikia ekstensheni. Akachomoa.

Redio ikazimika. Kwaya ndiyo iliyokuwa inatusitiri mtaani, sasa grinda ikabaki inaimba peke yake. Nadhani hapo ndipo rafiki yangu alipotafuta tofali.

Akachomoa tena. Friji ikanyamaza.

Chini ya mikono yangu kijivu kikaanza kung'aa. Kung'aa kweli kweli! Nikafurahi, nawaambia ukweli wa Mungu, kwa muda wa kupepesa jicho nilifurahi. Lilikuwa bati.

Plagi ya tatu ndiyo ikawa yenyewe. Kimya. Baba akatoa leso, akafuta miwani, akaivaa, akaja polepole akainama juu ya ule uwazi wenye ukubwa wa sahani ya wali. Akapitisha kidole.

"Hapa," akasema, "hapa ndiyo umepang'arisha vizuri."

Na alimaanisha.

Mengine ni mafupi. Koti liko kwa dobi, ile kompaundi ikikauka inakuwa unga mweupe kwenye mishono. Fundi yule yule wa Mwanjelwa aliichungulia boneti, akamwita mwenzake aje aone, akamwita na wa tatu, kisha akataja laki moja na themanini: msasa, praima, rangi, klia, na kwa baridi hii ya Juni nisimharakishe ikauke. Mdogo wangu anapanda Harrier. Mimi nimehamishiwa kamati ya vinywaji, nafasi ya kuhesabu kreti. Na baba na mke wangu, ambao huzungumza kwa kumtuma mtoto, juzi wametumiana ujumbe mara nyingi kuliko kawaida, mtoto anapita mbele yangu anakwenda na kurudi, nikimuuliza wamesemaje anacheka tu anakimbia.