MDF tena? Kwa unyevu huu?

Nani kawaambia mafundi wa Unguja kuwa kisanduku cha mezani cha gemu za video lazima kiwe cha MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi? Masika ikiingia tu, kingo za matundu ya vitufe zinavimba: tundu la milimita 30 linabana, kitufe kikibonyezwa hakirudi. Plaiwudi ya milimita 12 ipo, na vanishi ipakwe mpaka ndani ya tundu, si juu tu kwa ajili ya macho! Na vile vitufe vya kubana kwa vishikizo ni vya bamba jembamba. Kwenye ubao mnene havishiki, vinachomoka. Chukua vya nati, shingo ndefu. Halafu ati kiwashwe kwa chaja kuukuu ya simu. Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo inayoendesha gemu, inataka volti 5, ampea 3. Ukiona alama ya radi kwenye kioo, umeme hautoshi, usilaumu gemu.