Intaneti haijatuibia akili, imetuvimbisha kichwa

Jaribu kutaja kwa kichwa namba za simu za watu watano unaoongea nao kila siku. Wengi tutakwama kwenye moja au mbili, na pengine mojawapo ni yetu wenyewe. Ukishakwama hivyo, ni rahisi kuliamini lalamiko lililozoeleka tangu 2008, Nicholas Carr alipouliza katika jarida la The Atlantic kama Google inatufanya wajinga. Mwaka 2024 wachapishaji wa kamusi za Oxford walichagua msemo wenye maana ya "ubongo kuoza" kuwa neno la mwaka, na kila aliyewahi kukesha na video fupi hakuhitaji kufafanuliwa.

Lalamiko lenyewe ni la kale. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, anamwonyesha mwalimu wake Socrates akisimulia habari za Thamus, mfalme wa Misri, aliyeletewa na mungu Theuth uvumbuzi wa maandishi. Theuth aliyasifu kuwa dawa ya kumbukumbu. Thamus akakataa: watu wakitegemea alama zilizo nje yao wataacha kuzitumia kumbukumbu zao, tena watajiona wanajua mengi na kumbe hawajui. Watetezi wa mtandao wanakipenda kisa hiki. Mbona tumeandika karne zote hizo na akili hazijapotea? Hata wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, wala hawakuona aibu kulikabidhi daftari kazi ya kukumbuka.

Ila wanaokitumia kisa hicho kuchekesha watu husoma nusu yake. Thamus alikuwa na hofu mbili, si moja: kusahau, na kujidhania. Ya kwanza naona aliikuza. Ya pili bado inatusumbua.

Tuanze na kusahau. Mwaka 2011 Betsy Sparrow wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzake wawili waliwapa watu sentensi za maarifa ya kawaida wazichape kwenye kompyuta. Wapo walioambiwa kompyuta itazihifadhi, na wapo walioambiwa itazifuta. Waliodhani zitafutwa ndio waliozikumbuka zaidi. Katika jaribio jingine, watu walikumbuka vizuri zaidi folda iliyowekwa habari kuliko habari yenyewe. Magazeti yakatangaza kifo cha kumbukumbu. Miaka saba baadaye, watafiti waliorudia majaribio 21 yaliyochapishwa katika majarida ya Science na Nature walilirudia pia jaribio jingine la makala hiyohiyo ya Sparrow, na halikutoa matokeo yale ya mwanzo. Kwa hiyo tusilitegemee sana.

Tuseme basi ni kweli tupu: kuna ubaya gani? Daniel Wegner, mmoja wa wenzake Sparrow, alikuwa ameonyesha tangu miaka ya 1980 kwamba watu wanaoishi pamoja hugawana kazi ya kukumbuka: huyu anashika tarehe, yule anajua karatasi ziko wapi. Mwaka 2015 Benjamin Storm na Sean Stone waliona kwamba mtu akihifadhi faili la kwanza kabla ya kusoma la pili, hulikumbuka la pili vizuri zaidi. Kichwa kinapotua mzigo mmoja hupata nafasi ya mwingine. Upande wa watetezi una hoja nzito hapa, na mimi sioni sababu ya kulilia namba za simu.

Nina shaka moja tu. Fikra haziendeshwi na anwani za maarifa, zinaendeshwa na maarifa yaliyomo kichwani wakati huo. Tabibu huunganisha dalili mbili zisizofanana kwa sababu zote mbili anazo akilini. Usichojua kwamba kipo, huwezi hata kukitafuta.

Picha za ubongo, ambazo pande zote hupenda kuzitoa kama ushahidi wa kumaliza kesi, hazimalizi kitu. Gary Small wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliwaweka kwenye mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo ukiwa kazini, watu 24 wenye umri wa miaka 55 hadi 76, nusu wazoefu wa mtandao na nusu wageni kwake. Walipokuwa wakitafuta mtandaoni, bongo za wazoefu zilifanya kazi katika eneo kubwa zaidi ya mara mbili kuliko za wageni. Wapo waliosema hayo ni mazoezi ya akili. Carr naye aliona katika msukosuko huohuo kile kinachomzuia msomaji kuzama. Na ile kauli kwamba "mtandao unabadilisha ubongo" haina uzito inavyodhaniwa, kwa maana kila unachojifunza huubadilisha. Eleanor Maguire alionyesha mwaka 2000 kwamba madereva wa teksi wa London wana sehemu ya nyuma ya hipokampasi, eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu na kujua njia, kubwa kuliko ya watu wengine, na hakuna aliyepiga kelele kwamba teksi zinaharibu watu.

Kwenye umakini, wenye hofu wana mahali pa kusimama. Gloria Mark, aliyepima muda ambao watu hukaa kwenye jambo moja katika skrini, alikuta wastani wa dakika mbili na nusu mwaka 2004, na katika vipimo vya karibuni sekunde 47 hivi. Lakini wale wanaobadilisha skrini kila dakika hukaa saa tatu kwenye mchezo wa kompyuta bila kupepesa. Uwezo wa kutulia upo, ila unagombaniwa: arifa hapa, video inayojianzisha yenyewe pale. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliojumlisha tafiti 54 na washiriki zaidi ya 170,000 ulikuta karatasi inashinda skrini kwa maandishi ya kuelimisha, hasa msomaji akiwa na haraka, ila kwa hadithi tofauti haikuonekana. Kioo chenyewe hakina sumu. Nadhani tatizo ni haraka tuliyoizoea mbele yake.

Sasa hofu ya pili ya Thamus. Mwaka 2015 Matthew Fisher na wenzake wa Yale waliwaambia watu watafute mtandaoni maelezo ya mambo kama vile zipu inavyofanya kazi. Kisha wakawauliza wanadhani wangeweza kueleza kwa kiasi gani mambo mengine kabisa, yasiyohusiana na waliyoyatafuta. Waliotoka kutafuta walijipa alama za juu kuliko wasiotafuta. Walipoonyeshwa picha za ubongo wachague inayofanana na wao wakijibu, walichagua zenye kuwaka zaidi. Hali ilibaki hivyo hata pale utafutaji haukuwapa jibu. Kule kutafuta tu kuliwatosha kujiona wamejua.

Hili ndilo linalonitia wasiwasi, kwa sababu aliyesahau anajua kwamba amesahau, ataenda kutafuta. Anayejidhania haendi popote. Zamani kidogo utafutaji ulikuletea kurasa kumi zinazobishana, ukalazimika walau kuona ubishi upo. Siku hizi programu za akili bandia zinakupa jibu moja lililopangwa vizuri, kwa sauti isiyo na kigugumizi, na ni rahisi sana kuichukua sauti ile ukadhani ni yako.

Nilipomaliza kusoma kazi ya Fisher niliweka simu mbali, nikachukua kalamu nieleze zipu mwenyewe. Mistari miwili ya kwanza ilikwenda vizuri. Wa tatu nilikwama kwenye kile kipande kinachovutwa: kikipanda meno yanashikana, kikishuka yanaachana, na kipande ni kilekile. Nimekuwa nikifunga zipu tangu utotoni.