Weak Hero Class 2: ngumi zimeongezeka, ladha imepungua

Nitamwaga mtama humu. Kama hujaimaliza tamthilia hii ya Kikorea, nenda kaangalie sehemu zake nane kwanza, kisha urudi tubishane.

Msimu wa kwanza ulitoka Novemba 2022 kwenye Wavve, jukwaa la Wakorea wenyewe, na sisi wa mbali tuliupata kwa kuhangaika. Huu wa pili umeingia Netflix tarehe 25 Aprili 2025, dunia nzima siku moja. Kila kitu kimekuwa kikubwa: magenge, viwanja vya kupigania, mapande ya watu. Ugomvi wangu nao unaanzia hapo hapo.

Kilichonikamata kwa Yeon Si-eun tangu mwanzo ni kwamba hafanani kabisa na stelingi. Kijana mwembamba, mkimya, kichwa cha darasa, ambaye ukimtazama unaona hata kuku atamshinda. Silaha zake zilikuwa kitabu kizito, kalamu na fizikia. Ukimchokoza, anapiga hesabu kwanza, halafu ndiyo anakupiga wewe. Park Ji-hoon, yule yule aliyekuwa akiimba na kucheza katika kundi la Wanna One, anaigiza hayo yote kwa macho tu.

Na ugomvi wenyewe wa msimu wa kwanza ulikuwa mdogo. Vijana watatu, Si-eun, Su-ho na Beom-seok, na wivu ulioingia kati yao polepole kama maji kwenye mtumbwi. Beom-seok anachomwa na jambo dogo kiasi cha Su-ho kutomfuata Instagram. Unaweza kucheka, lakini nani hajawahi kuhesabu vitu vya namna hiyo akiwa na miaka kumi na sita? Su-ho akaishia kitandani hospitalini, hana fahamu, na mimi nikakaa siku mbili sitaki kuangalia chochote.

Sasa tuko Eunjang, shule mpya ya Si-eun ambayo sifa zake ni mbaya kabla hujafika getini. Kuna Muungano, genge linalokusanya wababe wa shule mbalimbali, na juu yake ameketi Na Baek-jin, mwenye akili, pesa chafu na uso usiotikisika. Bae Na-ra anamwigiza vizuri, sina neno. Ila mkuu wa genge mwenye suti ya roho baridi tumemwona mara ngapi? Kilichomtofautisha Baek-jin ni urafiki wake wa utotoni na Park Hu-min, yaani Baku, mwanafunzi wa Eunjang, na hicho ndicho tulichopewa kwa kijiko. Vipande viwili vitatu vya kumbukumbu, kisha tunarudi kwenye ngumi. Geum Seong-je naye, yule wa miwani anayepigana kwa raha zake, kila akiingia anaiba tukio zima, na hatuambiwi kwa nini yuko hivyo. Katikati ya msongamano huo kuna wakati Si-eun anakuwa kama mgeni kwenye tamthilia yake mwenyewe.

Aliyeniokolea msimu huu ni Seo Jun-tae. Mwanzoni ni kijana wa kutumwa: Hyo-man, mbabe wa shuleni, anamwamuru, naye anaiba simu za wanafunzi wenzake. Kila aliyesoma bweni anamjua Jun-tae. Ama alimtuma kununua chapati, ama alikuwa yeye. Siku anapokataa, hakuna muziki wa ushujaa unaoweza kuficha kwamba anatetemeka. Hapigani vizuri hata mwisho. Anasimama tu. Kwangu kusimama kule kuna uzito kuliko mateke yote ya Gotak, rafiki wa Baku, na mateke ya Gotak nayapenda.

Halafu kuna simu ya Si-eun. Anamwandikia Su-ho ujumbe ambao hajibiwi, na Baku na wenzake wanapomsogelea anarudi nyuma. Wengi mitandaoni walilalamika kwamba amekuwa baridi mno. Mimi naona ana hofu ya mtu aliyezika nusu. Akipata rafiki mwingine, atakuwa na mwingine wa kumpoteza, na hesabu hiyo fizikia haimsaidii.

Mwishoni Su-ho anaamka. Yuko kwenye kiti cha magurudumu, Si-eun yuko mbele yake na marafiki wapya nyuma, na ule uso uliokuwa umefungwa kwa sehemu nane unafunguka. Tukio hilo nimelirudisha nyuma mara tatu. Lile pambano kubwa la Eunjang na Muungano sijalirudia hata mara moja.