Nusu eka Chanika: achana na mayai, uza miche

Mwenye nusu eka Chanika, Kisarawe au Kigamboni ya ndani akiuliza alifanyie nini eneo lake limpe hela, jibu la kwanza ni kuku wa mayai. La pili ni matikiti. Kuna kipindi jibu lilikuwa kware, na mabanda ya kware yapo mpaka leo, yamegeuzwa stoo. Kasoro ya majibu yote ni moja: yanamsukuma mtu wa kipande kidogo akashindane na wenye mashamba makubwa. Tikiti lako linakutana sokoni na mzigo wa fuso zima, na bei anaitaja dalali. Kwa kuku, chakula peke yake ni zaidi ya nusu ya gharama, na bei ya chakula hupangi wewe.

Mimi nasema hivi: ukiwa jirani na Dar, wauzie wanaojenga. Goba, Madale, Kibamba, Toangoma, kila nyumba ikishapauliwa mwenyewe anaanza kutafuta mwembe, mndimu na mpapai wa uani. (Wapo wanaofyatua tofali kwenye eneo lao. Inalipa, sikatai, ila ukija kutaka kulima tena unaanza na sururu.) Miche haihitaji eneo kubwa, na mche wa kubebesha, yaani ule uliounganishwa kijiti cha mti wa aina nzuri juu ya mche wa kienyeji, ndio wenye hela kuliko ule uliooteshwa tu kwa kokwa.

Piga hesabu ya nafasi kwanza. Kiriba (mfuko wa plastiki wa kukuzia mche) cha inchi 6 kwa 9 kikijazwa kinakuwa na upana wa sentimita 10 hivi, kwa hiyo mita moja ya mraba inabeba viriba kama 100. Tuta la mita 1 kwa 10 ni miche 1,000. Usizidishe upana wa mita moja, maana lazima mkono ufike katikati bila kukanyaga. Nusu eka ni kama mita za mraba 2,000, na matuta manne yenye njia katikati yanachukua kona tu. Na marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019 haikugusa vifungashio vya kilimo, kwa hiyo viriba havina kesi.

Udongo ndipo wengi wanapoharibu. Viriba 1,000 vinameza zaidi ya lita 1,300, sawa na matoroli 22 hivi ya lita 60. Mchanganyiko wa kawaida ni ndoo tatu za udongo wa juu, mbili za samadi iliyoiva, moja ya mchanga. Lakini udongo wa Mbagala na Kigamboni tayari ni mchanga mtupu. Ukiongeza mchanga mwingine, siku mteja anachana kiriba udongo unamwagika wote na anabaki ameshika mizizi. Huko tafuta udongo mweusi wa bondeni, mchanga acha. Jaribu hivi: lowesha konzi moja, ikamate, ifungue. Donge likivunjika lenyewe, ongeza udongo mzito. Likibaki na alama za vidole na kung'aa, limezidi mfinyanzi. Samadi ya kuku ni nzuri na jirani mfugaji atakupa bei poa, ila ilundike miezi miwili mitatu ukiigeuza na kuinyunyizia maji. Ikiwa bado inatoa moto, itaunguza mizizi.

Maji: miche 1,000 inakunywa lita 200 kwa siku kipindi cha jua, yaani ndoo kumi. Visima vingi vya ukanda wetu vina chumvi, na dalili yake ni ncha za majani kukauka rangi ya kahawia huku udongo ukiwa na unyevu. Watu wanaona hivyo wanaongeza maji, yaani wanaongeza chumvi. Vuna mvua. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja, kwa hiyo bati la mita za mraba 60 na mvua ya milimita 100 linakupa karibu lita 6,000, toa kidogo za kumwagika. Simtanki la lita 5,000 linajaa kwa mvua chache tu za masika.

Sasa mwembe wenyewe. Kokwa unapata bure kwa wauza juisi msimu wa maembe, Desemba na Januari. Chagua za maembe ya kienyeji, ndiyo yenye mche wa chini unaovumilia. Fungua ganda gumu kwa mkasi wa bustani na upande mbegu ya ndani ndani ya wiki moja au mbili, maana ikikauka imekufa. Inaota kwa wiki mbili tatu, na mara nyingi kokwa moja linatoa machipukizi mawili au matatu. Bakiza lenye nguvu. Agosti au Septemba shina linafika unene wa penseli, na hapo ndipo pa kubebesha, ili mche uwe tayari kwa masika.

Kikonyo, yaani kile kijiti cha kuunganisha juu ya mche wa chini, kinaandaliwa kikiwa bado mtini. Siku 7 hadi 10 kabla, kata majani ya ncha ya tawi ukiacha vishina vifupi tu vya majani hayo, macho yavimbe. Usichukue tawi lililotoka kutoa maua. Kata sentimita 10 hadi 15, funga kwenye kitambaa kibichi, na utumie siku hiyohiyo ukiweza. Kata kichwa cha mche wa chini, pasua katikati sentimita 3 au 4, chonga kikonyo kama kabari, kichomeke. Gome lazima likutane na gome. Kama unene haulingani, panga upande mmoja tu ukutane sawasawa, usiweke katikati. Funga kwa utepe wa nailoni kuanzia chini kwenda juu, kisha vika kifuko chembamba kama cha barafu. Fanya asubuhi, kivulini, kwa kisu kinachonyoa. Kisu butu kinasaga badala ya kukata, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya vikonyo kuwa vyeusi.

Wiki mbili tatu chipukizi likitoka, toa kifuko jioni, si saa sita mchana. Maotea ya chini ya kiungo yakate kila wiki, la sivyo mwembe wa kienyeji unakula chakula chote. Utepe uutoe baada ya miezi miwili mitatu. Ukisahaulika unanyonga shina na upepo wa kwanza unalivunja hapohapo.

Huku ukisubiri, papai ndilo la kula leo. Mche wake unauzwa baada ya wiki 6 hadi 8. Adui ni ugonjwa wa kinyausi: shina linanywea usawa wa udongo, mche unalala. Kinaletwa na maji mengi, kumwagilia jioni, samadi mbichi na msongamano. Mwagilia asubuhi.

Kuhusu jina la mbegu usicheze. Mwembe uliobebeshwa unazaa mwaka wa tatu hivi, na ndipo mteja anajua kama kweli ulimuuzia embe aina ya Apple au uliokota kikonyo njiani. Panda miti mama yako mwenyewe, mmoja wa kila aina, na funga rangi tofauti kwenye kila kundi siku ileile ya kubebesha, kwa sababu majani ya Kent na ya Tommy Atkins kwenye mche mdogo huwezi kuyatofautisha.

Miche iliyobaki masika yakipita usiiache kwenye kiriba kilekile. Mizizi inajikunja chini kama kata ya kubebea ndoo, na mti wa namna hiyo unadumaa hata ukipandwa pazuri. Ihamishie kwenye kiriba kikubwa, kata mizizi iliyozunguka chini, iuze vuli kwa bei ya juu kidogo. Iliyokwisha pinda shina, tupa.